Meno Mapya, Mwanya Uleule

Ipuli, Tabora
10 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Sista Advera,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaiandika. Marahaba, mdogo wangu. Hujambo huko kwenye nyumba yenu ya kitawa? Magoti yanasemaje na baridi hii ya asubuhi? Natumaini ile dawa ya kuchua imefika, na kwamba hujaigawa yote kwa masista wenzako, maana nakujua. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Tobias anakohoa kidogo kwa vumbi la Julai, lakini anakula vizuri na anabishana vizuri zaidi.

Mama yu mzima. Najua umeruka mistari yote ukitafuta sentensi hiyo, basi rudi juu usome salamu zangu kwa utulivu.

Sasa nina jambo la kukuungamia. Kwa miaka miwili sijakutumia picha hata moja, nikisingizia simu. Simu ni nzima. Nilikuwa sina meno mawili ya mbele, ya juu. Mbuzi wa jirani alinizungushia kamba miguuni nikienda kuanua nguo, nikaanguka kifudifudi kwenye sementi ya kisima. Meno yakaenda, na mwanya wangu ukaenda nayo. Sikukuambia kwa sababu ungeanza kufunga kwa ajili yangu, nawe umekonda vya kutosha.

Ukibogoyo wenyewe haungenishinda. Nilizoea kucheka mkono ukiwa mdomoni, nikaacha kwaya, michembe ya viazi vitamu nikawa nailoweka kwenye chai. Kilichoniumiza kilikuwa Puge, kwa mama.

Unajua kumbukumbu za mama zinakuja na kuondoka. Lakini mimi alikuwa hajanisahau hata siku moja. Jumamosi ya kwanza niliyokwenda baada ya kuanguka, aliniangalia usoni, akaniamkia kwa upole, kisha akamwambia wifi yetu Julieth, mke wa kaka Damas, anipe kile kiti kizuri cha wageni. Nilidhani ananitania. Mchana akaniuliza kama huko nitokako mvua zilikuwa nzuri, na kama nimejaliwa watoto. Mama yangu mzazi, Advera.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Namwogesha, namkata kucha, namchana nywele, naye ananishukuru kwa adabu zote. Asante zake zilikuwa zinanichoma. Nikitoka uani namsikia anamnong'oneza Julieth kuhusu mimi: "Apolinaria amenitupa. Atakuja lini?" Mara mbili nililia ndani ya basi mpaka Tabora, na watu wakanipa pole wakidhani nimetoka msibani.

Nikatengenezesha meno ya bandia, yale ya kuvaa na kuvua. Yalikuwa meupe, yamebanana kama punje za mahindi mabichi. Nilikwenda Puge nikitabasamu tangu stendi, na mama akanipa kiti kilekile. Ni Julieth aliyeona. Akaniambia, "Wifi, mama anatafuta mwanya. Mimi mwenyewe siku nilipoletwa hapa kuolewa alinikagua meno kabla ya kunisalimia."

Nikakumbuka tulivyokuwa wadogo, watoto wa mtaa mzima tukiwa tumejaa mavumbi hatutambulikani, naye anasimama mlangoni anasema, "Chekeni niwaone, wenye mwanya waingie wakale." Yeye anao, wewe unao, mimi nilikuwa nao. Nikajua ninachokitafuta.

Yale ya bandia nayo hayakudumu. Siku ya Pentekoste mwaka jana niliitikia amina kwa moyo wote, yakaruka hadi benchi la mbele, yakatua mapajani mwa mwenyekiti wa parokia. Alinirudishia kwa leso yake bila kugeuka. Tangu hapo nasali kanisa jingine, misa ya kwanza.

Ndipo nikasikia kuna kliniki ya meno Gongoni, hapa Tabora, wanakotia meno ya kupandikiza. Usiogope jina. Daktari anakuchoma ganzi, anatoboa mfupa wa taya, anaingiza skrubu ndogo ya madini. Unakaa miezi minne au zaidi mpaka mfupa uishike, kisha anafunga jino juu yake, na halitoki tena hata ukiitikia amina. Maumivu yalikuwa madogo kuliko nilivyojiandaa. Kelele ya kile kitobozi ndiyo ilinifanya nisali rozari yote kichwani, na matendo ya uchungu nikayarudia. Gharama usiniulize, mizinga yangu ya nyuki ya Sikonge ilijitahidi mwaka huu.

Daktari mwenyewe anaitwa Adinani, Mzaramo wa Kisarawe. Basi unaona tulivyokutana, mtani na mtani. Nilipopanua mdomo tu akasema, "Babu zenu walitembea kwa miguu miezi mitatu kutuletea meno ya tembo pwani. Leo Mzaramo nimeleta meno Unyamwezi kwa treni, na bado hamjaniandalia hata ugali." Nikashindwa kumjibu kwa sababu mikono yake ilikuwa mdomoni mwangu. Nadhani ndiyo maana alichagua kazi hiyo.

Mwezi wa tano meno yakaja kutoka kwa fundi wake Dar es Salaam. Akayajaribisha, akanipa kioo. Yalikuwa mazuri, tena sana. Hayakuwa na mwanya, maana nilikuwa nimeona haya kuuomba. Wauguzi wakanisifu, mmoja akasema nimerudi usichana. Mimi nikaweka kioo chini, nikaanza kulia hapo hapo kwenye kiti, mama mtu mzima na kitambaa kifuani kama mtoto wa chekechea.

Maskini Adinani aliogopa. Akadhani nina maumivu. Nikamweleza habari ya mama tangu mwanzo. Akasema watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuzibwa mianya, hakuwahi kusikia mtu anayeomba apewe. Utani ukamwisha. Akaniuliza kama nina picha ya zamani.

Nikampelekea ile ya siku ya nadhiri zako, tunacheka sote watatu, mama, wewe na mimi. Aliipima kwa rula ndogo, akalinganisha na meno yangu ya pembeni, akayarudisha Dar na maelezo ya ukurasa mzima. Yalipokuja tena, wiki tatu baadaye, alinifungia. Nilipopitisha ulimi, nikapaona pale pa zamani. Nikamkumbatia mtani wangu mbele ya mkewe, ambaye ndiye anayeandikisha wagonjwa.

Jumamosi iliyopita nikaenda Puge. Njiani sikutabasamu na mtu, nilikuwa na hofu kuliko siku ya kutobolewa taya. Nilijiambia kwamba akinipa kiti cha wageni nitakikalia, nitamwogesha, na maisha yataendelea. Nilimkuta amekaa uani anachambua karanga. Nikasema shikamoo mama, nikacheka.

Aliniangalia meno, kisha miguu. Kisha akasema, "Apolinaria, umevaa kandambili safari yote hiyo?"

Julieth akadondosha ungo. Mama akaendelea kunigombeza habari za kandambili, za kukonda, za kutoonekana miaka yote, nami nimepiga magoti mbele yake najibu ndiyo mama, ndiyo mama. Sijawahi kugombezwa nikafurahi hivyo. Kiti cha wageni hakikutajwa. Alinipa ungo nichambue karanga, na nikatafuna nyingi kuliko nilizochambua. Aliniuliza na habari zako, kama bado unaamka mapema kuliko kuku.

Daktari amenionya kwamba kumbukumbu hazitibiwi kwa meno, na huenda siku nyingine asinifahamu. Nimemwelewa. Jana tulimpigia Julieth simu, na bado mama alikuwa ananisema habari za kandambili.

Wakati naondoka siku ile mama alinishika mkono, akanivuta pembeni. Akasema kuna mama mmoja kibogoyo, hajui katokea wapi, alikuwa anakuja kila Jumamosi kumwogesha na kumkata kucha nilipokuwa nimepotea. Mtu mwema, mpole, ila anaonekana ana huzuni. Alitaka siku zote kumshukuru lakini hakujua jina lake. Akaingia ndani mwenyewe, akatoka na tetea wake mkubwa amemfunga miguu, akaniambia nimtafute yule mama nimpe, na nimwambie kuwa binti yake amerudi, asijisumbue tena.

Nilimwahidi nitamfikishia. Kuku yuko hapa uani Ipuli, Advera, na mwenyewe amempokea kwa mikono miwili.

Tobias anakusalimu sana, pamoja na Julieth na kaka Damas. Wasalimie masista wote, hasa yule mzee wa jikoni anayenitumia mbegu. Bwana akulinde, akulainishie magoti, akutunzie na mwanya wako.

Dada yako akupendaye, sasa kwa meno yote,
Apolinaria