Maji ya Kisahani

Hopkins, Jumamosi, 17 Februari 2007

Jua linawaka nje, lakini baridi ni ile inayogandisha pumzi puani. Nimeamka nikiwa na neno la kusema, na hadi saa nne asubuhi nilikuwa bado ninaliahirisha.

Chumbani kwangu kuna miche mitatu ya pilipili mbuzi, kila mmoja katika chungu chake cha plastiki, chini ya taa mbili za tyubu ambazo mwanangu Juma alizitundika mwezi wa Oktoba. Mbegu zilitoka Muheza, kwa mama yake Rehema, mke wa Juma. Mama huyo alifariki mwaka jana, na Rehema hakuweza kwenda kumzika kwa sababu karatasi zake za uhamiaji hazijakamilika. Mbegu nyingine hazipo. Kwa kuwa Rehema ni muuguzi na zamu zake ni ndefu, kazi ya kuitunza miche niliichukua mimi.

Niliichukua kwa ukali. Nilimkataza kila mtu kuimwagilia.

Wiki mbili zilizopita ncha za majani zilianza kuwa za kahawia. Kisha majani yakajikunja, na yale ya chini yakaanguka. Udongo ulikuwa na unyevu kila nilipougusa, nikahitimisha kwamba kuna mtu anaimwagilia kwa siri. Jumanne, mbele ya wageni waliokuja kula nasi, nilimwambia Rehema kwamba anaizamisha mimea ya mama yake kwa mkono wake mwenyewe.

Aliondoa sahani mezani.

Tangu siku hiyo ameniamkia kila asubuhi kama inavyopasa, lakini hajaingia chumbani kwangu kuitazama miche hata mara moja.

Jana nilitia jani moja ndani ya bahasha, nikapanda basi hadi mji wa jirani, Minneapolis, kwenye duka linalouza taa na mbolea kwa watu wanaolima ndani ya nyumba. Muuzaji, mwanamume wa makamo aliyefunga nywele zake kisogoni, aliligeuza jani, akaniuliza kama juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Nikasema upo. Akauliza natia mbolea mara ngapi. Nikasema kila ninapomwagilia. Kisha akauliza maji yanayochuruzika kwenye kisahani cha chini ninayafanyia nini.

"Ninayarudisha juu," nikajibu. "Siwezi kumwaga maji."

Akanitazama kidogo. "Basi, mzee, chumvi ya mbolea haijawahi kutoka humo. Unaongeza, unarudisha, unaongeza, unarudisha. Mizizi imeungua."

Nimekulia mahali ambapo ndoo moja iliogesha, ikafua, na mabaki yake yakaenda kwenye mboga. Nilipokuwa mkuu wa shule ya bweni, mwanafunzi aliyemwaga maji safi alilima bustani nzima peke yake. Kwa hiyo kila nilipoinua kisahani na kukimimina tena juu ya udongo, nilijiona mtu mwema. Unyevu niliomshtakia Rehema ulikuwa wa mkono wangu.

Muuzaji alinieleza dawa yake. Nimimine maji matupu yenye uvuguvugu, polepole, mara tatu ya ujazo wa chungu, yapite hadi chini, kisha niyamwage yote. Nisimwagilie tena mpaka udongo wa juu ukauke kiasi cha pingili moja ya kidole, na chungu kiwe chepesi ninapokiinua. Mbolea alikataa kuniuzia. Halafu akainamisha kichwa na kuuliza kwa sauti ya chini zimebaki wiki ngapi nivune.

"Ni pilipili," nikamwambia.

"Naam, mzee. Na wateja wangu wote wanalima nyanya."

Sikuelewa kwa nini anatabasamu.

Leo Rehema alikuwa na mapumziko. Nilimkuta jikoni, nikasema nikiwa nimesimama: "Mimea niliiharibu mimi, si wewe. Nilikusingizia mbele ya watu. Nisamehe." Sikuwa nimeandaa zaidi ya hapo.

Alifuta mikono. "Imekufa, Baba?"

"Bado."

"Basi twende."

Tuliipanga miche ndani ya beseni la kuogea. Yeye alimimina, mimi nilishika. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya chai ya rangi. Nakiri kwamba kila jagi lililopotelea kwenye tundu la beseni liliniuma, na wakati fulani nilifumba macho. Rehema aliniona.

"Baba, ni maji tu."

Alipokuwa akiendelea kumimina, nilimsimulia habari za muuzaji na nyanya zake. Akaweka jagi chini, akaketi kwenye ukingo wa beseni, akacheka.

"Baba! Amedhani unalima bangi!"

Mimi! Mimi niliyewafukuza wanafunzi shule kwa bangi!

"Ngoja Juma asikie. Mwalimu mkuu mzima, anapanda basi kwenda kuulizia mavuno." Alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa blauzi. Kisha akaendelea kuyafuta hata baada ya kicheko kwisha. Niliendelea kukishika chungu mpaka akalichukua jagi tena.

Chungu cha tatu kilipomaliza kuchuruzika, maji yalikuwa safi.

Mchana nimewapigia simu wageni wa Jumanne, nyumba zote mbili, nikawaambia kwamba kosa lilikuwa langu. Mmoja alitaka kulifanyia mzaha. Sikumruhusu.

Mche mmoja sidhani kama utapona. Miwili imesimama. Rehema amesema safari ijayo atamwagilia yeye, maji ya kisahani atayamwaga yeye, na mimi nitakaa sebuleni. Nimekubali papo hapo.

Sasa ninajiuliza: nikiyasikia yale maji yakimwagwa, nitaweza kweli kubaki kitini?