Mbawakawa wa Mkorosho

Jumapili, Chanika

Jina lake bado sijalipata. Wale wa kikundi cha wapenda wadudu kwenye simu wamenichosha. Mmoja kasema piga picha ya tumbo, mwingine kasema picha ina kivuli. Mbawakawa mwenyewe nilimkuta asubuhi kwenye mkorosho wangu, kahawia, mapembe marefu kupita mwili wake.

Nikaishia kumtumia picha mdogo wangu Elia. Hatujaongea tangu nyumba ya baba kule Boko iuzwe, na nilijua huenda asijibu kabisa.

Akapiga hapohapo.

"Shikamoo dada. Huyo ukimshika analia?"

Nilishasahau kama wanalia! Utotoni, mvua zikianza, baba alikuwaga anatuwashia taa ya barazani. Wanakuja kibao, na sie tunagombania kuwaweka sikioni. Elia anakimbia nao hadi jikoni, mama anapiga kelele, baba anacheka mpaka anakohoa.

Nikamshika yule wa mkorosho, nikamsogeza kwenye simu. Kriii, kriii.

"Dada, nimemkumbuka baba."

"Hata mie."

Ya nyumba hatukuyagusa. Naogopa siku tutakapoyagusa.

Lakini kabla ya kukata aliuliza kama njia ya kuja kwangu bado ni ile ya kupitia sokoni. Jumamosi anakuja na watoto. Yule wa mwisho anatembea sasa, na mie shangazi yake sijawahi hata kumbeba.