Majibu ya Koo la Baba

Chole, Kisarawe
18 Juni 2023

Mwanangu Raudha,

Asalaam aleikum. Mimi mzima kiasi changu, sijui nyinyi huko Visiga. Naandika kwa kuwa mionzi imenikausha sauti, simu siiwezi.

Nina habari njema. Jana nimekula wali na mchuzi wa kunde, sahani nzima, bila maji ya kusukumia. Shangazi yako Mwamvita alilia. Ni wiki ya sita tangu nimalize mionzi na dripu, na naona saratani imekwisha. Ile kamera ya kuingizwa kooni waambie basi. Chakula kinapita, wanatafuta nini tena?

Baba yako,
Mwinyimadi

Visiga, Kibaha
23 Juni 2023

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, wajukuu wanakuamkia. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha.

Lakini kamera lazima. Nimemuuliza daktari, akanijibu: "Njia kufunguka si kupona. Tunataka kupaona pale palipokuwa na uvimbe, tukate kinyama kidogo kikapimwe, na tupige picha ya kifua na tumbo." Jumatatu nakufuata. Usinikatalie, baba.

Mwanao,
Raudha

Visiga
20 Julai 2023

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Nisamehe. Shangazi alipopiga simu nilimwambia majibu hayajatoka. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, siku ya tisa ile.

Picha ni nzuri, ugonjwa haujafika kwenye mapafu wala ini. Uvimbe umesinyaa, limebaki kovu. Ila kinyama walichokata hapo bado kina saratani. Daktari anataka kukupasua, aondoe hiyo njia ya chakula na kulivuta tumbo lishike nafasi yake. Nikamuuliza, "Ataamka?" Akasema, "Kwa umri wake siwezi kukuahidi. Ila ndiyo nafasi iliyopo."

Naomba ukubali.

Mwanao,
Raudha

Chole
4 Agosti 2023

Mwanangu Raudha,

Salaam nyingi. Mwamvita alipokata simu ile aliniambia hukuuliza hata nimekula nini. Nikajua.

Sikulaumu. Lakini kisu sikitaki. Nguvu zangu zote ziliishia kwenye mionzi, siku ishirini na tano, nyingine nikibebwa. Nina miaka sabini na tatu. Kama ni kufa, nisife nimewekewa mipira puani.

Sasa hivi koo liko wazi. Njoo tule.

Baba yako,
Mwinyimadi

Chole
11 Novemba 2023

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Natumaini ulifika salama ile safari na watoto hawajambo. Zile siku kumi ulizokaa hapa tulikula mpaka shangazi yako akatucheka. Ulikuwa unanitazama kila nikimeza, ukidhani sikuoni.

Tangu Jumatano vitu vinakwama. Leo hata uji umerudi.

Jambo moja linaniuma. Niliamua peke yangu, kama mtu asiye na mtoto. Muulize daktari kama kupasuliwa bado kunawezekana.

Baba yako

Visiga
7 Desemba 2023

Baba,

Shikamoo. Barua hii anatangulia nayo jirani yetu Omary, anakuja huko leo, ili usikae ukisubiri.

Majibu ya vipimo vya juzi yametoka asubuhi hii. Saratani imeshafika kwenye ini. Hawapasui tena. Watakuwekea kibomba kidogo kooni kipanue njia, upate kunywa na kula vitu laini. Nilimuuliza daktari, "Kama tungekubali mwezi wa nane?" Akaniambia hajui, na nisijiulize hivyo.

Nawe usijiulize, baba.

Nimeomba ruhusa kazini. Nafika kesho mchana. Tarehe ya kurudi sijawaandikia.

Mwanao,
Raudha