Siku Ulipompeleka Baba Ntumba

Baba yangu,

Mjukuu wako Dieudonné alikuja Jumapili kuniaga. Anaingia polisi. Nilimsongea bukari, ugali wetu, akala, kisha nikamweleza jambo ambalo mimi na wewe hatukuwahi kulizungumza.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Ruashi, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Baba Ntumba, fundi cherehani kutoka Kasai. Ndiye aliyekupunguzia suruali ya kazi ulipopewa kubwa kuliko wewe. Jioni mlicheza dama barazani kwake, na kicheko chako kilifika hadi jikoni kwetu.

Kisha jimbo letu la Katanga likajitenga na nchi, na watu wa Kasai wakaanza kuitwa maadui. Asubuhi moja mkubwa wako wa kituo cha polisi alikutuma umlete Baba Ntumba. Nilikuwa na miaka tisa. Nilisimama mlangoni nikakusikia ukimwambia mkewe, “Mama, hapana kuogopa. Iko maulizo tu. Saa sita atarudia.” Baba Ntumba akavaa koti, mkaondoka pamoja kama marafiki wanaokwenda sokoni.

Najua uliamini ulichosema.

Saa sita ikapita. Mchana wewe ulimkuta Baba Ntumba ndani ya selo, amelala sakafuni, mkono wa kulia umevunjwa. Mama alinisimulia baadaye: mkubwa wako alikupa karatasi iliyokwisha kuandikwa, kwamba mtu huyo alianguka kutoka kwenye lori, utie sahihi. Chini ya maneno yale uliandika ulichokiona, ukaweka jina lako.

Kutoka hapo hukuja kwetu. Ulipita moja kwa moja hadi uani kwa Mama Ntumba, ukavua kofia. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo.

“Ni miye njo nilimukamata,” ulisema. “Balimupiga, balimuvunja mukono. Nilikuambia atarudia, na haikukuwa kweli.”

Hakulia. Aliweka mchi chini, akakuuliza, “Na sasa miye nitaambia nani? Polisi?”

Ulitoa kalamu mfukoni. Halafu ulimwandikia jina lako na namba yako ya kazi kwenye kipande cha karatasi. “Bakikuuliza nani alimupeleka, utoe hii. Kesho tutaenda wote.”

Mkaenda kweli. Siku mbili mlikaa kwenye benchi la ofisi ya komisa wa polisi, wewe na sare yako, yeye na kitambaa chake kichwani, askari wenzako wakipita bila kukusalimu. Siku ya tatu wakamwachia Baba Ntumba. Wewe wakakuvua sare.

Familia ile ilikimbilia kambini pamoja na Wakasai wengine, na baadaye wakapata treni ya kurudi kwao. Kabla hawajahama, Mama Ntumba alikuja mlangoni petu. Nilidhani amekuja kukushukuru.

“Siyakusamehe bado, Baba Philo,” alisema. “Lakini we njo ulisema.”

“Aksanti, mama,” ulijibu, na sauti yako ilikuwa ndogo.

Mama yangu alinuna msimu mzima wa mvua. Ulitengeneza baiskeli kando ya barabara, na sisi tulikula mara moja kwa siku. Nikuungamie leo: mimi nilifurahi. Ulikuwa nyumbani. Ulinipeleka shule asubuhi, na siku Mama alipowahi sokoni ulinisuka wewe. Mistari ilipinda, wenzangu wakanicheka, nikakataa kuifumua.

Dieudonné aliniuliza kama ule mkono ulipona. Nikamwambia ukweli, kwamba Baba Ntumba hakushika tena mkasi.

“Basi Babu alishindwa,” akasema.

“Alishindwa kumulinda,” nilimjibu. “Hakushindwa kusema.”

Aliosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaondoka.

Baba, hadi unakufa, watu wakianza kuzungumza habari za polisi ulikuwa unainuka na kwenda nje. Nafikiri uliamini kwamba nakumbuka tu ulivyomtoa jirani nyumbani kwake. Nakumbuka, sikufichi. Lakini nakumbuka pia ulivyoingia uani kwa mkewe mchana kweupe, majirani wakitazama, na hakuna aliyekutuma. Nilikuwa nyuma ya ukuta, na nilijivuna kuwa mtoto wako. Ningeweza kukuambia hayo nilipokaa karibu na kitanda chako siku zako za mwisho. Nilikurekebishia mto tu.

Pumzika, Baba.

Ni mimi, binti yako,
Philo