Mayai ya Sadaka

Mjukuu wangu Paulo,

Huku Mbulumbulu hatujambo. Bibi yako anavuna maharage na kunigombeza kama kawaida. Unauliza shokapu mpya za hicho kigari chako cha mbio uzikaze kiasi gani.

Ujanani, nikiendesha watalii, nilifunga shokapu ngumu. Kwenye kona za kushuka kreta gari lilinata kama kupe, nikajisifu. Jumapili moja nikampeleka mama yangu kanisani, amekaa nyuma, amepakata mayai ya sadaka. Alishuka gauni limelowa ute wa mayai yaliyopasuka. "Umeendesha vizuri, mwanangu," akasema, akaingia kanisani hivyo hivyo.

Kesho yake nikafunga shokapu laini kidogo, na gari bado lilishika kona.

Kwa hiyo mwachie mkeo usukani, wewe kaa nyuma anapokaa mtoto wenu. Pakata mayai.

Babu yako