Saumu ya Khairunisa

Bungoma,
11 Mei 2025

Dada Sharifo,

Nianze na hii kabla nishindwe, salamu zitafuata. Mimi sifungi kwa ajili ya Mungu. Sijawahi kuambia mtu. Hata kwa dua sijasema, ni kama nikinyamaza Yeye pia hatajua.

Sasa salamu. Asalaam aleikum. Kifua chako kimepona? Nyanya anasema baridi ya Kitale si ya binadamu, uvae ile sweta ya kijani hata kama wasichana wanakucheka. Mjomba Abdihakim akipeleka viatu vyake vya kuuza sokoni huko atapita shuleni kwenu aache bahasha kwa askari wa geti. Nimeibandika na gundi mara mbili.

Unajua vile wanasema juu yangu hapa. Nyanya anawaambia akina mama wa msikitini ati, "Ramadhani imeisha lakini mjukuu wangu hajatoka." Jumatatu nafunga, Alhamisi nafunga, na siku zile zingine nasema nalipa. Ustadhi alinisimamisha mbele ya madrasa yote akasema wasichana waniangalie. Waliniangalia. Mimi nilikuwa naangalia miguu yangu.

Ilianza na ile harusi ya Sirisia, Januari, wewe ukiwa umerudi shule. Fundi alikuja nyumbani kutupima sare. Aliponifikia alizungusha tepu, akaangalia kitambaa, akaita kwa sauti, "Mama Yakub, kwa huyu mtaongeza mita." Mama Yakub wa msikitini akasema, "Ongeza, huyu ni wawili kwa mmoja." Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Walikuwa wananipenda tu, najua. Nyanya hata alisema ndio uzuri, mtoto amejaa. Lakini jioni sikula, na nikahisi kama nimeshinda kitu. Ramadhani ilipokuja ikawa rahisi zaidi, maana nani atauliza mtu kwa nini hali? Hata kufuturu nafuturu kwa jina tu.

Na sasa si kwamba najizuia, Dada. Hapo ndipo sijui kuandika. Nikipeleka mkono kwa sahani kuna mtu ndani yangu anasema hapana, na sauti yake ni yangu. Nasikia baridi jua likiwaka. Nywele zinabaki kwa kitana. Ngazi za shule nazipanda nikishika ukuta.

Usimwambie Nyanya. Tangu Mama afariki hajakuwa na kitu cha kujivunia kama hiki. Na hata ukimwandikia, unajua yeye na herufi za shule hawajuani. Mimi ndio humsomea barua zako.

Mdogo wako,
Khairu


Kitale,
18 Mei 2025

Khairu wangu,

Waleikum salaam. Kifua kimepona, sweta navaa, wanacheka, wamezoea. Wewe siulizi kama u mzima, maana umeshaniambia. Hapa tunapigania githeri yenye wadudu. Jerono, jirani yangu wa kitanda, anasema ni nyama ya bure. Barua yako niliisoma chooni, mara tatu, mpaka huyo Jerono akagonga mlango akauliza, "Wewe, kwani unajifungua huko?"

Nikuulize kitu cha wasichana. Siku ya Idd Nyanya alikuwa anawaambia wageni ati umefunga mwezi mzima bila kuacha hata siku moja. Mimi nilikuwa napakua pilau, nikasema basi huyu ni malaika. Sasa nimekaa nikafikiria. Msichana wa miaka kumi na sita hafungi mwezi mzima, Khairu. Kuna siku tunaachishwa. Na kama hukuacha hata moja, hizo unazolipa ni za nani? Siku zako zimekatika tangu lini? Kama unaona haya usinijibu, lakini jijibu.

Nilimwuliza mwalimu wa bayolojia, nikasema ni rafiki wa shule nyingine. Alisema mwili ukikosa chakula unaanza kula nyama yake wenyewe, na moyo pia ni nyama. Alisema ni ugonjwa, vile malaria ni ugonjwa, hakuna aliyejitakia. Huyo rafiki aende hospitali, asingoje aanguke, na mtu mzima wa nyumbani ajue. Na Mungu mwenyewe amemwambia mgonjwa asifunge. Hiyo aya wewe unaijua kuliko mimi.

Ningekuwa nyumbani ningekulisha na kijiko kama ulipokuwa na surua. Lakini niko hapa, simu hatuna, na likizo fupi kidato cha nne tumenyimwa ati tusome. Kaa na Nyanya asubuhi mnywe uji. Kikombe kimoja tu. Kisha mwambie. Kama huwezi, nipe ruhusa nimwambie mimi.

Dada yako,
Sharifo


Bungoma,
1 Juni 2025

Dada,

Asalaam aleikum. Nyanya ni mzima isipokuwa goti. Anakusalimu, anasema umalize shule uje umsaidie kugombana na mwenye nyumba.

Uji nilijaribu. Aliukoroga akatia ndimu vile napenda. Nilishika kikombe mpaka ukafanya ngozi juu. Nyanya akaniangalia, "Kwani leo si Jumanne?"

Nikasema, "Nalipa, Nyanya."

Akauchukua akaunywa yeye. "Mungu akuweke. Mimi umri wako nilikuwa naiba sukari." Ikaisha hivyo. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia, nimeyapanga tangu alfajiri, na hayakutoka.

Alhamisi nilianguka madrasani, akina mama wa msikitini nao wakiwepo. Nilikuwa chini, macho hayafunguki lakini masikio yanafanya kazi. Nikamsikia Mama Yakub, "Amezidiwa na ibada huyu." Mwingine akasema, "Sisi tunaanguka kwa presha, yeye anaanguka kwa Mungu." Wakacheka kidogo, kwa upendo. Nyanya alikuwa ananipepea na ncha ya mtandio, na hata kwa vile alikuwa anapepea nilijua anajivunia. Ustadhi peke yake ndiye alisema, polepole, "Mama, huyu mtoto apelekwe hospitali. Na asifunge tena mpaka daktari aseme." Hapo ndipo ningesema, Dada. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikafungua macho nikasema ni jua tu, na wakaniamini mimi kuliko yeye.

Swali lako la wasichana: tangu Februari.

Ruhusa sikupi. Nisamehe.

Mdogo wako,
Khairu


Kitale,
8 Juni 2025

Kwa Nyanya yangu,

Asalaam aleikum warahmatullah. Goti linaendeleaje? Usibebe maji, mwambie Mjomba alipe kijana.

Khairu, najua ni wewe unasoma. Ukifika hapa vuta pumzi. Haya maneno ni ya Nyanya, wewe ni mdomo tu. Soma vile yameandikwa, usiruke.

Nyanya, Khairu ni mgonjwa. Watu wanasema amefunga. Hakufunga, Nyanya, amefungwa. Ni ugonjwa wa kukataa chakula, umemshika, na peke yake hawezi kutoka. Si dhambi, si kiburi, wala hakuna aliyemroga. Usimgombeze na usimlazimishe. Mpeleke hospitali wiki hii, uwaambie madaktari ni miezi sasa, ukae naye pale mpaka wamsikie. Anaogopa kukuvunja moyo, ndio maana hajasema.

Mjukuu wako,
Sharifo


Bungoma,
15 Juni 2025

Dada,

Uko salama? Ile sabuni ilifika? Na njugu?

Nikuambie vile ilikuwa. Nyanya alikuwa kwa kigoda anachambua mboga ya mrenda. Nikampa bahasha aishike kwanza, unajua hupenda kuishika. Akanirudishia, akasema, "Haya, mwite dada yako aongee." Nikasoma salamu. Nikasoma goti. Akacheka pale pa maji. Kisha nikafika pale umeniita jina.

Nikaendelea kusoma, Dada, bila kusimama. Nikasoma ati, "Nyanya, chakula cha huku ni kibaya, na sabuni imeniishia, naomba mnitumie ya kufua na kama kuna njugu mnikaangie." Sijui ilitoka wapi. Ilitoka vizuri sana, hata na sauti yako. Nyanya akatikisa kichwa, "Maskini, mtoto anakaa bila sabuni na hasemi mpaka barua." Akaacha mrenda hapo hapo akaenda dukani na goti lake. Njugu alizikaanga mwenyewe, akichagua zile zimeungua azile yeye.

Hiyo sabuni Mjomba alikuletea ndiyo barua yako. Jibu la Nyanya ni hilo, kipande kimoja na njugu.

Sijawahi kumdanganya kwa kitu kimeandikwa. Nilirudi kwa chumba nikakaa. Nilikuwa na hasira na wewe, halafu nikakosa nguvu ya hasira. Usiandike tena kwake. Nitasoma tu vile nilisoma, najijua sasa.

Mdogo wako,
Khairu


Bungoma,
29 Juni 2025

Dada,

Asalaam aleikum. Umenyamaza. Mjomba amekuja Kitale mara mbili na amerudi bila kitu changu. Umekasirika? Ama unaumwa?

Kama ni hasira una haki. Lakini niandikie hata matusi. Hapa hakuna mtu ananiona. Wananiangalia siku yote, wananitolea mfano kwa watoto wao, na hakuna anayeniona. Juzi Mama Yakub alishika mkono wangu akauzungusha, akasema, "Umekuwa mwepesi kama walii." Vidole vyake vilikutana na vikapitana. Sikujua nimefika hapo. Niliogopa, Dada, na bado chakula cha jioni nilikirudisha jikoni.

Nyanya tu ndiye unamkumbuka, naona. Mjomba alimletea bahasha mkononi, hakunipa nisome. Nikauliza ni nini, akasema, "Dada yako ameniandikia dua." Ameiweka ndani ya msahafu. Akimaliza alasiri anavaa miwani anasoma, midomo ikitembea. Niliona kwa mbali, ni Kiarabu. Ni ya goti? Ungeniandikia na mimi moja.

Mdogo wako,
Khairu


Kitale,
6 Julai 2025

Khairu,

Waleikum salaam. Sijakasirika. Nilikosa uso wa kukuandikia.

Ile si dua. Ni ile barua, maneno yale yale, nimeandika Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu. Nyanya hajui a e i o u, lakini alif anaijua tangu hajavaa viatu. Nimeweka irabu zote juu na chini kama za Kurani ya watoto. Ilinichukua wiki. Herufi ya "cha" haiko, kwa hivyo chakula nimekiandika shakula, atavumilia.

Kabla ya hapo nilimwomba matroni simu. Akaniuliza, "Kuna mtu amekufa?" Nikasema bado. Akasema basi nirudi darasani. Mjomba naye ningemwambia, lakini Mjomba akijua kitu soko zima linajua. Sikuwa na njia nyingine.

Najua sikupewa ruhusa. Nichukie mimi. Nichukie ukiwa mzima, nitakuwa na wakati wa kukubembeleza.

Dada yako,
Sharifo


Bungoma,
13 Julai 2025

Dada,

Salamu leo sina, na mwandiko ni mbaya, utasoma hivyo hivyo.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nilikuwa na nafasi ya kuingia chumbani kwake niitoe ile yake kwa msahafu. Nilifika mpaka mlangoni. Sikuweza kutia mkono kwa msahafu kuiba, na tena nilikuwa nimechoka, Dada, nimechoka sana. Nikarudi kulala. Anasoma mistari miwili kwa siku, kidole chini ya neno. Nimekuwa nikimsikia kwa ukuta, "sha, ku, la," na mimi nilidhani ni Kiarabu kigumu.

Leo baada ya alasiri akaniita. "Khairu, njoo unisaidie. Mwandiko wa dada yako ni kama kuku amepita."

Nikakaa karibu naye. Akaniwekea kidole. "Hapa. Hii ni 'amefunga' ama ni 'amefungwa'?"

Niliangalia. Ulikuwa umeweka waw hapo kwa ile w, nyeusi, umeirudia na wino mara ya pili. Amefunga haina waw. Hata mtoto anayeanza juzuu angeona.

Nikasema, "Amefunga, Nyanya."

Nje kulikuwa na watoto wanacheza mpira, ukagonga mabati, hakugeuka. Akavua miwani akaikunja. Akasema, "Nimeanza kusoma kabla meno yangu ya utoto hayajang'oka. Waw naijua." Kisha akasema, "Nilitaka uniambie wewe."

Nikainuka nikaja huku chumbani, nikafunga mlango. Hakunifuata. Nilimsikia kwa simu na Mjomba. "Kesho usiende soko. Tafuta gari. Hapana, si goti." Halafu Mjomba alikuwa bado anaongea, nilisikia sauti yake ndogo ndani ya simu, na Nyanya anapenga kamasi. Nafikiri analia, na mimi ndiye nimemfanyia.

Sijui nataka nini. Nataka aje anishike kwa nguvu, na nataka asahau. Kesho nikiulizwa na daktari sijui ni nani atajibu, mimi ama huyu mwingine mwenye sauti yangu. Ungekuwa hapa ungejibu wewe. Nimejaribu kujizoeza, nimesema polepole, "Mimi ni mgonjwa," na hata hapo nimesikia aibu kama nimesema uongo.

Slipa zake hizo. Amesimama kidogo jikoni, sasa zinakuja, moja inaburuta kwa sababu ya goti. Kuna kijiko kinagonga kikombe.

Hii karatasi naiweka chini ya msala wa kuswalia na kukaa juu yake. Akinikuta kwa msala huwa haniulizi kitu