Propela Uliyoichagua Wewe

Karakana ya Pampu na Jenereta,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu kwanza, mengine yatafuata, nisije nikaambiwa sikulelewa. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mtoto je, lile jino limeshatoka au bado anawakesheza? Na kile kikohozi ulichonacho tangu baridi ianze, kimepungua? Usikidharau. Vaa soksi.

Sisi huku tu wazima, kwa maana kwamba tunakula na tunaamka. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto linatulia. Mume wangu bega lake la kulia ni lilelile. Mimi niko kwenye benchi langu la kazi, nimesogeza kando pampu ya mtu ili nipate pa kuweka karatasi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "nakusikia, dada" halafu unaendelea kuzungumza wewe.

Sasa umeuliza mara ya pili: picha ya boti ikikimbia iko wapi? Picha hakuna, mdogo wangu. Boti imepinduliwa ukingoni, mbao zimeanza kuachana kwa jua. Mashine uliyotuma iko sebuleni kwa mama, kati ya kochi na televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Acha nikueleze ilifikaje huko, maana najua ulichoelezwa wewe ni kingine.

Unajua tangu zamani mume wangu anavusha watu kwa makasia. Wenzake pale gatini hawamwiti jina lake, wanamwita Mabega. Mwaka huu chama cha waendesha boti kikaamua kwamba makasia basi. Watabaki wenye mashine tu, nafasi saba, na kila boti ipimwe: abiria kumi, ipande mkondo hadi kwenye boya jekundu na irudi bila kuzima wala kurudi nyuma. Ukishindwa, unatoka. Ndiyo maana uliposema unatuletea mashine, mume wangu aliangalia mikono yake. Bega lile lisingefika mwaka mwingine.

Mashine ilipofika niliipima kabla sijaishukuru. Usiniudhikie, ndivyo nilivyo. Sikupita chuo, niliyafungua majenereta ya watu mpaka yakanifundisha. Mashine za boti huwa na mguu mfupi wa inchi kumi na tano au mrefu wa inchi ishirini. Ubao wa nyuma wa boti yetu una inchi kumi na tano. Wewe ukatuma mguu mrefu. Ungeniuliza, ningekupimia kwa futi kamba kabla chai yako haijapoa.

Ningeifunga vile ilivyokuja, propela ingening'inia inchi tano chini zaidi ya inavyotakiwa, ikikokota maji na kulima mchanga kila tukikaribia gati. Kwa hiyo nikachonga ubao mgumu, nikaupandisha juu ya ule wa nyuma inchi tano kamili, nikaufunga kwa bolti za kupenya mpaka ndani, kila moja na washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu, pana, pande zote mbili, matundu nikayaziba kwa silikoni. Katikati ya boti niliipata kwa uzi kutoka pua hadi nyuma, si kwa macho. Kile kibamba kilicholala juu ya propela kikakaa chini kidogo ya tumbo la boti, kiasi cha unene wa kidole. Hapo ndipo pake. Kikipanda sana, propela inavuta hewa badala ya maji. Nikamalizia kwa mnyororo, isije ikatumbukia. Hakuna aliyesema ahsante. Mama alisema, "Mwanangu kaleta kitu kizito kweli."

Tukaja kwenye propela. Ile yako imegongwa namba mbili, tisa na robo kwa kumi na mbili. Ya kwanza ni upana wa duara lake. Ya pili ndiyo iliyokuponza: ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama maji yangekuwa mbao na yenyewe ikawa skrubu. Wewe uliona kumi na mbili ni nyingi kuliko nane, ukachukua kubwa, kama mtu anayechagua tikiti maji. Kumi na mbili ni ya kijana mmoja mwembamba kwenye boti ya kutembelea. Abiria kumi na vikapu vyao ni mlima, na mlima huupandi kwa gia kubwa.

Sikubisha kwa mdomo, nilijaribu. Tulipakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu kumi, nikaja na kipimo changu cha mizunguko. Mashine hiyo, ukifungua mafuta yote, inatakiwa ifike kati ya elfu tano na elfu tano na mia tano kwa dakika. Kwa propela yako ilifika elfu tatu na mia sita, ikabaki inakoroma kama mlevi, na nyuma ya boti ikazama mpaka maji yakataka kuingia.

Nikaenda kwa fundi wa vyuma chakavu niliyewahi kumsukia upya nyaya za mota ya pampu. Alikuwa na ya tisa na robo kwa nane. Nyeusi, ya aluminiamu, panga moja limemegeka ncha. Nikayapiga tupa yote matatu mpaka yakalingana. Mizigo ileile, mto uleule: elfu tano na mia tatu. Boti iliinua pua, ikapanda mkondo kama mtu aliyeitwa chakula. Mume wangu alikuwa ameshika usukani kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Mke wangu, bega hili sasa likalale." Akacheka mpaka akaziba uso. Nilitaka uijue siku hiyo, maana ilikuwepo.

Ijumaa jioni, kesho yake kipimo, ukapiga simu. Mama akaweka spika, kama anavyofanya ukipiga wewe. Sote tulikuwa sebuleni. Nakukumbusha tu, huenda umesahau.

"Mwanangu, wameitoa propela yako. Wameweka ya chuma chakavu."

"Nani katoa? Dada, hiyo ndogo ni ya kukokotea matishali! Ile yangu ni ya kasi, haishiki kutu, nimeichagua mwenyewe dukani."

Nikasema mizunguko haifiki. Ukacheka: "Dada na mahesabu yake!" Mama naye akacheka. Akasema, "Mtu kanunuliwa kiatu kipya, nyie mnamvalisha ndala?"

Halafu ukasema, "Shemeji, upo hapo? Irudishe yangu, bwana. Usiniangushe."

Naye, aliyekuwa ameyaona yote kwa macho yake, akainama kuelekea simu. "Haina neno, shemeji."

Usiku huo tuligombana kwa sauti ya chini. Aliniambia mashine ni ya kwenu, yeye ni mkwe tu, hawezi kupewa kitu akakipangia. Asubuhi niliitwa kiwanda cha mikate, jenereta lao limekataa. Nikiwa huko, akaifunga propela yako mwenyewe. Ile nyeusi hakuiacha nyumbani. Aliivingirisha kwenye taulo pamoja na spana, akaitia chini ya kiti cha mbele. Kwa hiyo usije ukaniambia hakujua.

Nilifika gatini nimechelewa, na nilisikia kabla sijaona. Ule mkoromo wa elfu tatu na mia sita naujua. Boti ilikuwa haijafika hata nusu ya njia, imesimama palepale inasukumana na maji, halafu ikarudi. Na nani ameketi kiti cha mbele kabisa, amevaa nguo yake ya harusini na viatu vyeusi? Mama. Alikuwa amejitolea kuwa abiria wa kumi, aione mashine ya mwanawe ikifaulu.

Mwenyekiti wa chama si mtu mbaya. Alisema, "Mabega, nakupa mara ya pili. Rekebisha unachorekebisha." Mara ya pili hakuna mwingine aliyepewa.

Nikapiga kelele kutoka ukingoni: "Iko chini ya kiti! Badilisha!" Ni nati moja na pini moja, mdogo wangu. Ni kazi ya kumaliza kabla mtu hajamaliza chungwa.

Alikiangalia kile kiti. Mama ndiye aliyekuwa amekikalia. Ili aitoe ile propela ilibidi amwambie mama mkwe wake anyanyuke, mbele ya gati nzima, kisha mbele yake afungue aliyoichagua mwanawe. Mama akauliza, "Abadilishe nini? Si mlishaambiwa?"

Mume wangu akafuta mikono kwenye suruali. "Tutakwenda hivihivi."

Wakaenda. Walipofika penye mkondo mkali mashine ikalemewa, ikazima, boti ikageuka ubavu, na mto ukawachukua kinyumenyume mpaka wakagonga tishali la mchanga. Kuli mmoja akapaza sauti, "Mabega, toa makasia!" Watu wakaangua kicheko. Makasia alikuwa ameyaacha nyumbani, kwa furaha. Walivutwa kwa kamba na boti ya mtu aliyekuwa akiingojea nafasi yetu. Hakuumia mtu. Kiatu kimoja cha mama kilichukuliwa na maji, akarudi nyumbani na ndala za kuazima.

Nilimwendea mwenyekiti na namba zangu, elfu tatu na mia sita, elfu tano na mia tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, nakuamini. Lakini nafasi ni saba na zimejaa. Mtu akitoka, anamwachia mwanawe." Nikaitikia kwa kichwa nikaondoka. Hata mimi nikiwa yeye ningejibu hivyo.

Sasa mume wangu anabeba magunia kutoka boti za wenzake. Kwa bega lilelile. Bado wanamwita Mabega, ila sasa wakimwita ni kwa kazi.

Umesema utatuma mashine nyingine, ya nguvu za farasi arobaini. Usitume. Ule ubao wa nyuma hautaibeba, boti itakaa tako ndani ya maji kabla hajapanda mtu. Na hata ingebeba, ingekwenda wapi? Wala usiache kazi yako uje tuwe washirika, kama ulivyoandika. Hakuna ushirika. Kuna boti iliyopinduliwa na mashine yenye kitambaa.

Kitambaa chenyewe mama anakifua kila wiki. Mgeni akija anakifunua, anamwonyesha ile propela inavyong'aa. Anasema, "Mashine ni nzuri sana, tatizo dereva. Amezoea makasia." Juzi alilisema hilo mume wangu akiwa palepale, ameleta maji ya kunywa kwenye sinia. Aliweka sinia mezani bila kumwaga hata tone. Usiku akaniuliza kama labda ni kweli, labda alifungua mafuta vibaya. Mtu aliyeipandisha boti mkondo kwa mkono mmoja! Nilimtajia namba. Namba hazikumfikia.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja, na hakihitaji kupakiwa kwenye meli. Piga simu Ijumaa jioni, mama aweke spika. Sema propela uliyoichagua wewe haikuifaa boti ile, na shemeji hakukosea. Sema hivyo tu, halafu uongee mambo ya mtoto. Nafasi haitarudi kwa hilo, sidanganyiki. Na kusema kweli sidhani kama utapiga. Utaisoma barua hii, utasema dada na mahesabu yake.

Shangazi anakusalimu, anasema umemsahau. Mjomba fundi cherehani naye anauliza vipimo vya mtoto, amshonee. Mbusu wifi yangu kwa niaba yangu. Mungu akuzungushie ulinzi huko uliko, akupe kazi isiyokuvunja, na akuweke karibu na mtu wa kukuuliza umekula nini.

Mume wangu yuko mlangoni, ndiyo kwanza amerudi kutoka gatini, anavua shati kwa mkono mmoja. Nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Anasema nikuandikie haina neno, shemeji.

Ni mimi akupendaye, hata leo,
Dada yako.